Purdy wa 262, Pacheco wa 251: nani anaugharamia mkataba wa kwanza NFL?

Aprili 2022, drafti ya NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, ikiwa ukingoni (hapo klabu huchagua vijana wa vyuo kwa zamu, raundi baada ya raundi) na watazamaji wengi wameshazima televisheni, Kansas City Chiefs walimchagua Isiah Pacheco, mtu wa 251. Majina 11 baadaye San Francisco 49ers wakamchukua Brock Purdy, wa 262, wa mwisho kabisa. Pacheco ni mbeba mpira: kazi yake ni kuukumbatia mpira na kujitosa katikati ya mabonge ya kilo 140. Purdy ni kwotabeki, anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi. Februari 2024 walikutana kwenye Super Bowl, fainali ya ligi, Chiefs wakashinda 25 kwa 22 katika muda wa nyongeza. Msimu huo Purdy alikuwa na mshahara wa dola 870,000, ilhali Joe Burrow wa Cincinnati, kwotabeki mwenzake, alikuwa ametoka kusaini mkataba wa wastani wa milioni 55 kwa mwaka.

Shabiki wa soka la Ulaya, ambako tajiri akinunua klabu leo kesho ananunua na mshambuliaji, itabidi ageuze kichwa kidogo. Tangu 1994, ukiuacha msimu wa 2010, NFL ina kikomo cha mishahara, kiasi kimoja kwa klabu zote: kilianza na dola milioni 34.6, na mwaka 2025 kilifika milioni 279.2. Wahasibu wana ujanja wao, kama kuitandaza bonasi ya kusaini hadi miaka mitano, lakini huko ni kulisogeza deni mbele tu. Ndiyo maana mchezaji hodari anayelipwa kidogo ana faida mbili: anachokifanya uwanjani, na fungu analokuachia ukamlipe mwingine.

Na vijana wa drafti hulipwa kidogo kwa amri. Kabla ya 2011 kila mmoja alipatana bei na klabu iliyomchagua. JaMarcus Russell, wa kwanza mwaka 2007, aligoma hadi Septemba akapata zaidi ya dola milioni 30 za uhakika kutoka Oakland Raiders. 2010 aliachwa, akiwa hajawafikisha popote. Sam Bradford, wa kwanza mwaka 2010, alihakikishiwa milioni 50 na St. Louis Rams kabla hajarusha pasi moja ya kulipwa. Mkataba wa hali bora wa 2011 kati ya chama cha wachezaji na wenye klabu, uliotiwa saini baada ya wenye klabu kuwafungia wachezaji nje kwa miezi kadhaa, ulikata mizizi. Mwaka huohuo Cam Newton, naye wa kwanza, alipata milioni 22 kwa miaka minne. Tangu hapo malipo hufuata namba uliyochaguliwa, mkataba ni wa miaka minne, wa raundi ya kwanza anaweza kuongezwa wa tano klabu ikitaka, na hakuna ruhusa ya kurudi mezani kabla ya misimu mitatu kwisha.

Wanaoitetea sheria wana hoja nzito. Drafti huipa zamu ya kwanza timu iliyofanya vibaya ili iinuke, na haikuwa na maana timu hiyohiyo ibebeshwe mzigo wa Bradford. Wachumi Cade Massey na Richard Thaler walikuwa wameshaonyesha, kwa hesabu za enzi hizo, kwamba zamu za juu zilithaminiwa kupita kiasi na kwamba wa raundi ya pili aliipa klabu faida kubwa zaidi kwa kila dola. Isitoshe, kulikuwa na wakongwe waliomwaga jasho miaka minane wakilipwa chini ya kijana asiyejaribiwa. Hilo lilikuwa linauma, na wakongwe ndio waliokuwa chamani kupiga kura. Waliopunguziwa mishahara walikuwa bado vyuoni. Ni rahisi kukubaliana kuhusu pochi ya mtu asiyekuwepo.

Kwenye mbinu za kuchagua ndiko kulikogeuka zaidi. Malipo yanafuata namba, hayajali nafasi. Wa 10 analipwa kilekile awe kwotabeki au mbeba mpira, ilhali kwenye soko huria kwotabeki ana thamani mara kadhaa ya mwenzake. Basi akili ya kawaida inasema zamu ya juu itumie pale penye bei kali. Mwaka 2024 makwotabeki sita walikwenda ndani ya zamu 12 za kwanza. Wabeba mpira, kwa upande wao, hawakuchaguliwa hata mmoja raundi ya kwanza miaka ya 2013, 2014 na 2022.

49ers wameonja tamu na chungu ya mbinu hiyo. Mwaka 2021 walipanda hadi zamu ya 3 kumfuata Trey Lance, wakitoa zamu yao ya 12, za raundi ya kwanza za 2022 na 2023, na moja ya raundi ya tatu. Lance alianza mechi nne tu katika misimu miwili, akauzwa Dallas kwa zamu ya raundi ya nne. Kwa enzi za Bradford kosa hilo lingewazika. Safari hii Purdy wa bei ya chee aliwaokoa, na Septemba 2023 wakaweza kumpa mlinzi wao Nick Bosa milioni 170 kwa miaka mitano. Machi 2025 hesabu ikafika: mpokea pasi Deebo Samuel akapelekwa Washington kwa zamu ya raundi ya tano, walinzi Hufanga na Greenlaw wakahamia Denver. Mwezi Mei Purdy akasaini milioni 265 kwa miaka mitano.

Kutoka hapo wengi huhitimisha kwamba ubingwa hupatikana kwotabeki akiwa bado wa bei rahisi, akishalipwa basi. Siikubali hata nusu. Patrick Mahomes, kwotabeki wa Chiefs, alisaini mkataba wake mkubwa 2020, kisha akabeba mataji ya msimu wa 2022 na wa 2023. Jalen Hurts, kwotabeki wa Philadelphia, alisaini milioni 255 mwaka 2023, akashinda Super Bowl ya Februari 2025, ingawa klabu yake ilikuwa imesukuma sehemu kubwa ya mzigo huo miaka ya mbele. Lakini tazama nani aliwazunguka. Chiefs walimuuza mpokea pasi wao nyota Tyreek Hill 2022 wakajaza vijana wa drafti, mlinzi McDuffie na Pacheco wakiwemo. Philadelphia walikuwa na walinzi Mitchell na DeJean, wote wa mwaka wa kwanza. Nguvu kazi ya bei nafuu haikuondoka, ilihama nafasi.

Hapo ndipo sheria inaponikwaza. Purdy alisubiri miaka mitatu, akalipwa. Mwili wa kwotabeki unaweza kusubiri. Pacheco alikimbia yadi 830 msimu wa kwanza na 935 wa pili, akatwaa mataji mawili, na Septemba 2024, msimu wa tatu, ule wa mwisho kabla ya ruhusa ya kurudi mezani, akavunjika mguu. Kareem Hunt akaingia nafasi yake. Mbeba mpira huuza miguu yake bora katika miaka ileile ambayo haruhusiwi kutaja bei.

Ningeanzia hapo: si kuwarudishia wa kwanza mamilioni ya Bradford, ila kuwafungulia wa raundi za chini mlango baada ya msimu wa pili, waliotimiza kiwango cha kucheza. Klabu zitalalamika. Mwaka 2025 Houston walipompa Jayden Higgins, wa raundi ya pili, mkataba wa uhakika wote, wenzake wengi wa raundi hiyo waligoma kusaini hadi Julai wakidai na wao. Wanaweza kugoma kwa sababu klabu inawahitaji. Wa 251 akigoma, hujaziwa nafasi kabla ya chakula cha mchana.