Johann Christian Eberle na benki za akiba za Ujerumani: mtandao imara, ukaribu wa hatari

Mwanzoni mwa karne ya 20, benki nyingi za akiba za Ujerumani zilikuwa mali ya miji na wilaya, na kazi yao kubwa ilikuwa kupokea akiba na kukopesha kwa dhamana ya nyumba au ardhi. Johann Christian Eberle, mwanasheria aliyezaliwa Laumersheim mwaka 1869 na baadaye kuwa meya wa mji mdogo wa Nossen huko Saxony, aliona hilo halitoshi. Sheria ya hundi ya mwaka 1908 ilipofungua njia kwa kuziruhusu benki za akiba kuhudumia hundi, aliziunganisha halmashauri za Saxony katika umoja wa kuhamisha fedha, ulioanza kazi mwaka 1909. Seremala aliyedaiwa na muuza mbao wa mji mwingine hakuhitaji tena kupeleka noti na sarafu: alijaza hati, benki yake ikakata salio lake, na benki ya mdai ikaingiza kiasi kilekile.

Wanaomsifu wana hoja nzito. Huduma iliyozoeleka kwa wafanyabiashara wakubwa ilimfikia mtu wa kipato kidogo, na benki ndogo zikapata nguvu ya pamoja bila kupoteza uhuru wao. Lalamiko la benki binafsi, kwamba huo ulikuwa ushindani usio wa haki, silipi uzito mkubwa, kwa kuwa wateja hao walikuwa wamepuuzwa kwa muda mrefu.

Hoja inayonisumbua ni nyingine. Mji ulikuwa mmiliki wa benki, mdhamini wake, na mara nyingi mkopaji wake. Benki za kikanda za mtandao, zilizozihudumia benki za akiba, zilikusanya fedha za ziada kutoka miji mingi na kuzikopesha halmashauri, hivyo ukata wa halmashauri chache uliweza kuziathiri benki nyingi. Eberle hakuanzisha Vita vya Kwanza vya Dunia wala hakusababisha mfumuko wa bei wa mwaka 1923 ulioteketeza akiba za watu, lakini mwaka 1931, benki ya jimbo la Rhine, mojawapo ya benki hizo za kikanda, ilipokwama kwa sababu ya mikopo ya halmashauri, kasoro hiyo ilidhihirika.

Oktoba mwaka huohuo, amri ya dharura ilizitenganisha kisheria benki za akiba na halmashauri na kubana mikopo kwa miji. Eberle alifariki mwaka 1937. Kwa maoni yangu, utenganisho huo ulistahili kuwekwa tangu mwanzo, kwani mtandao wa malipo aliouasisi uliendelea kufanya kazi hata baada ya utenganisho huo.