Stakabadhi za Karafuu na Viza ya Mama

Mwezi wa Januari 2023 wakwe zangu walikuja Pemba kutoka Ulaya kwa mara ya kwanza. Waliomba viza zao kwa njia ya mtandao wakiwa wamekaa mezani kwao, wakalipa dola 50 kila mmoja, na baada ya siku chache majibu yakawafikia. Hawakuulizwa wana akiba kiasi gani, nani ataiangalia nyumba yao, wala ni kitu gani kitakachowafanya warudi kwao. Hata wangesahau kuomba mapema, wangeweza kulipia viza hiyo hiyo dirishani baada ya kuteremka katika Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume. Walikaa nyumbani kwetu Wete siku kumi na mbili, mama akawapisha chumba chake, na siku ya kuagana mama mkwe wangu akamwambia mama, mimi nikiwatafsiria, kwamba sasa zamu ni yake: kila mwezi wa Agosti ukoo wao hukodi nyumba kando ya bahari, na Agosti ya mwaka huo wangependa mama awe pamoja nao.

Mama alifika katika nyumba hiyo Agosti 2024, mwaka mzima baada ya Agosti aliyoalikwa. Ninaandika kuhusu yaliyopita baina ya mwaliko na safari, kwa sababu nimeamini kuwa linalowakwamisha watu wa visiwani kwetu katika viza za kutembelea jamaa ni aina ya ushahidi unaotakiwa kuliko ukali wa sheria yenyewe. Ulaya mtu hujulikana alipo na anakorudi kwa karatasi zake, na sehemu kubwa ya maisha ya Pemba haijapata kuandikwa popote.

Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja ughaibuni, katika nchi mojawapo kati ya 29 za eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na masharti yao ninayajua vizuri. Viza ya muda mfupi inamruhusu mgeni kukaa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180. Ombi lisipelekwe zaidi ya miezi sita kabla ya safari wala chini ya siku 15, bima ya matibabu iwe ya yuro 30,000 au zaidi, alama za vidole zichukuliwe, na jibu litolewe ndani ya siku 15 ambazo zinaweza kurefushwa hadi 45. Katika hayo yote sina la kulalamikia, kwani kila mwenye nyumba ana haki ya kuuliza nani anabisha hodi. Uzito upo katika kifungu kinachomtaka afisa apime kama mwombaji ataondoka kabla ya viza yake kwisha. Nia haionekani kwa macho, kwa hivyo afisa hutafuta alama zake: mshahara, akaunti ya benki, pencheni, hati ya nyumba, mume au mke na watoto wadogo wanaobaki nyuma.

Sasa mtazame mama yangu kwa alama hizo. Ni mjane wa miaka sitini na kitu, hajapata kuajiriwa, hana pencheni, hakuwa na akaunti benki, na nyumba anayoishi ilijengwa na marehemu baba bila ya hati. Jina lake ni lake, la baba yake na la babu yake, kwa sababu kwetu mwanamke haachi jina la wazee wake anapoolewa. Kwa hivyo hata kwamba mimi ni mwanawe lilikuwa jambo la kuthibitishwa kwa cheti cha kuzaliwa. Nami ndiye mtoto aliyekwisha kuhamia Ulaya. Ukikusanya hayo katika fomu, unapata picha ya mwanamke asiye na kinachomshika, ilhali mtu yeyote wa Wete atakwambia kuwa huyu ni mtu asiyeweza kulala nyumba ya jirani bila ya kuwaza kuku wake.

Mama hasafiri safari ndefu bila ya maharimu, yaani mwanamume wa jamaa asiyeweza kumuoa, kwa hivyo ombi la kwanza lilikuwa la watu wawili, yeye na mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa na miaka 27 na hajaoa. Walitoka Wete kabla ya alfajiri kwa gari la abiria hadi Mkoani, wakapanda boti ya Unguja, wakalala kwa khalati yetu, na kesho yake wakavuka kwenda Dar es Salaam, kwa sababu alama za vidole hazitumwi kwa posta. Mke wangu na mimi tulikwisha kusaini udhamini kwamba tutabeba gharama za chakula, malazi na matibabu, na hata za kuwarejesha kwao ikibidi. Wakwe zangu waliandika barua ya mwaliko ya kurasa mbili, na sheha wetu, kiongozi wa Serikali katika mtaa wetu, aliandika barua yake, akaipiga muhuri. Baada ya wiki tatu walirudishiwa pasipoti pamoja na fomu yenye visanduku, na kwa wote wawili kisanduku kilichotiwa alama kilikuwa kimoja, kinachosema kuwa ipo shaka kuhusu nia yao ya kuondoka. Ada ilikuwa yuro 80 kwa kila mtu, na ada hairudishwi.

Mama aliponipigia simu hakuwa na hasira. Aliuliza tu: "Nani kawaambia kuwa mimi nataka kukaa kwao?" Swali hilo sikuwa na jibu lake. Baba mkwe wangu, kwa upande wake, aliisoma fomu mara mbili akidhani kuwa wamekosea jina. Ni mtu mzima aliyezunguka nchi nyingi, na hajapata kutakiwa na mtu yeyote athibitishe kwamba atarudi nyumbani kwake.

Tangu siku ile nimefikiri sana juu ya namna watu wanavyoaminiana huku na huko. Kwetu mtu huaminiwa kwa kujulikana. Sheha anawajua watu wa shehia yake, anajua nani ana mashamba na nani ana madeni, na neno lake linatosha skulini, kituo cha afya na katika ofisi za Serikali. Huku mtu huaminiwa kwa kumbukumbu zilizoandikwa, na mimi siwezi kuudharau utaratibu huo, kwa sababu umenifaa. Nilifika sina ami wala mjomba, na bado nilipata kazi, nyumba ya kupanga na baadaye mkopo wa benki, kwa kuwa karatasi zangu zilikuwa sawa na hakuna aliyehitaji kujua mimi ni mtoto wa nani. Asiye na jamaa kisiwani kwetu hapati wepesi kama huo, na tuseme kweli. Lakini mama alisimama baina ya njia mbili hizi, akiwa na utajiri wote wa kujulikana na umasikini wote wa karatasi, na barua ya sheha, ambayo kwetu ni nzito, kwa afisa wa ubalozini ilikuwa barua ya mtu asiyemjua kuhusu mtu asiyemjua.

Lipo jambo moja la kisheria ambalo wenzangu wengi waliooa au kuolewa Ulaya hawalijui. Kwa mujibu wa Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2004, namba 38, raia wa nchi moja mwanachama anaposafiri au kuhamia nchi nyingine mwanachama, wazazi wake na wa mwenzi wake wanaowategemea kwa matunzo huhesabiwa katika familia yake, na viza zao hutolewa bila ya malipo na kwa haraka. Mke wangu ni raia wa nchi hii hii tunayoishi, na nyumba ya likizo imo ndani ya mipaka yake, kwa hivyo Agizo hilo halikutugusa. Kila mmoja na atazame hali yake kabla ya kujaza fomu.

Ombi la pili lilitokana na kasha la mama. Nilikwenda nyumbani mwanzoni mwa 2024, na nilipokuwa natafuta cheti changu cha kuzaliwa nikakuta mfuko wa nailoni uliofungwa kwa uzi, na ndani yake stakabadhi za ZSTC, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, za misimu saba. Sheria ya Zanzibar inataka karafuu zote ziuzwe kwa shirika hilo la Serikali, na kila anayepeleka gunia lake kituoni hupewa karatasi yenye jina, tarehe, uzito, daraja la karafuu na fedha alizolipwa. Mama alikuwa anaziweka kama anavyoweka kila kitu, bila ya kudhani kuwa ipo siku zitasomwa na mtu mwengine. Chini yake ilikuwemo karatasi ya eka tatu alizopewa babu baada ya Mapinduzi ya 1964, imechakaa mikunjoni lakini inasomeka. Hiyo inampa mtu haki ya kutumia, maana ardhi ya Zanzibar ni mali ya Serikali, lakini mikarafuu iliyopandwa juu yake ndiyo iliyotusomesha sisi sote.

Tulizitafsiri zote kwa Kiingereza. Kisha nikaandika ukurasa mmoja kueleza mwaka wa karafuu ulivyo: kwamba wachumaji hulipwa kwa pishi na mama ndiye anayepima, kwamba karafuu mbichi huchambuliwa makonyo, zikaanikwa majamvini kwa siku kadhaa na kuanuliwa kila wingu linapojikusanya, na kwamba mtu anayesimamia hayo hawezi kuwa mbali kwa zaidi ya wiki tatu. Tukaomba siku 21, hakuna hata moja ya ziada. Tulimfungulia pia akaunti, tukaiacha na fedha zake halisi, ambazo si nyingi. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu nimeona vijana wetu wakiazima milioni kadhaa, wakaziweka benki wiki moja kabla ya ombi, na kuzitoa wiki inayofuata. Maafisa huzisoma taarifa za benki za miezi kadhaa, na fedha iliyoingia ghafla huharibu hata yaliyokuwa ya kweli. Wanaouza barua za kazi na mialiko ya bandia wanawala watu wetu, na wanamchafulia njia kila Mzanzibari mwenye safari ya haki.

Maombi hayo yalipelekwa mwishoni mwa Juni 2024, siku chache baada ya ada kupanda kutoka yuro 80 hadi 90. Mama alipata viza. Mdogo wangu alikataliwa tena.

Kuhusu mdogo wangu nitasema ninaloliamini, hata kama linaniuma. Anaendesha gari la abiria la mtu na msimu ukifika husimamia wachumaji, na kazi zote mbili hulipwa mkononi. Yeye hana stakabadhi hata moja. Kijana asiye na mke, mwenye umri wa kuanzisha maisha, na mwenye kaka aliyekwenda Ulaya akabaki: afisa anayemtilia shaka anawafikiria watu kama mimi. Nilikuja kwa ndoa na kwa sheria, lakini nilikuja na nikakaa. Siwezi kusema kuwa shaka hiyo haina asili. Ninacholalamikia ni kwamba hakuna njia yoyote ambayo kijana wa aina yake angeweza kuitumia ili kuiondoa, kwa sababu kuaminiwa kunamtaka awe amekwisha kusafiri na kurudi, na kusafiri kunamtaka awe amekwisha kuaminiwa.

Balozi zinaweza kulirekebisha hili bila ya kulegeza sheria. Mauzo ya mazao yanayothibitika yahesabiwe kuwa kipato, kama mshahara. Mzee wa Pemba asilazimike kuvuka bahari mara mbili kwa ajili ya vidole vyake, ilhali maafisa wangeweza kuja Unguja au Chake Chake siku chache kwa mwaka. Na Serikali yetu, iliyopokea wageni zaidi ya 700,000 mwaka 2024 na ambayo tangu Oktoba mwaka huo inamtaka kila mgeni akate bima ya dola 44, inafahamu vyema namna ya kuhakiki watu kwa mtandao. Kwa utaalamu huo huo barua ya sheha ingeweza kupewa namba na kuunganishwa na kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, ili afisa aliye mbali aweze kuihakiki badala ya kuitupia jicho na kuiweka kando.

Kwa kuwa mama asingesafiri peke yake, nilikwenda kumchukua mwenyewe. Mdogo wangu alitusindikiza hadi Mkoani, akambebea mama mkoba wake mpaka ngazi za boti. Usiku wa tano katika nyumba ile ya likizo mvua ilinyesha, na mama akanigongea mlango saa nane za usiku, amejifunga kanga kichwani, akitaka nimpigie simu mdogo wangu nimuulize kama zimeanuliwa. Nilimwambia kuwa mvua ni ya huku. Alikaa ukingoni mwa kitanda akisikiliza, kisha akasema nimpigie hivyo hivyo.

Aliondoka siku ya 19, siku mbili kabla ya muda wake kwisha, kwa kuwa wachumaji walikuwa wanadai fedha zao na hakutaka zilipwe na mtu mwengine. Muhuri wa kutokea umo katika pasipoti yake. Msimu huo huo, magunia yalipopelekwa kituoni, aliagiza matatu yapimwe kwa jina la mdogo wangu, na stakabadhi zake zikawekwa kwenye mfuko ule ule wa nailoni.