Kabla ya Malaki 3, Tusome Nehemia 13

Mwisho wa mwezi, mishahara ikishaingia, kitabu cha Malaki hujifungua chenyewe. "Je! Mwanadamu atamwibia Mungu?" Mhubiri anaongezea 1 Samweli 15:22, "kutii ni bora kuliko dhabihu", kisha bahasha zinakusanywa. Nyumbani, juu ya chai, swali linarudi palepale: Mkristo asiyetoa fungu la kumi, yaani zaka, amemwasi Mungu?

Wanaojibu ndiyo wasibezwe. Abrahamu alimpa kuhani Melkizedeki fungu la kumi muda mrefu kabla ya Torati ya Musa, kwa hiyo kusema "hiyo ni sheria ya Wayahudi" hakutoshi. Yesu naye, alipowakemea Mafarisayo waliolipa zaka ya mnanaa na bizari huku wameacha adili, rehema na imani, alimalizia kwa kusema hiyo zaka nayo wasiiache. Kuna na hali halisi: mwinjilisti wa mtaa wa mbali ana watoto wa kusomesha, na kanisa lisilolishwa na waumini wake litalishwa na mtu mwingine, naye atakuja na masharti yake.

Ila asilimia kumi inamfaa zaidi mwenye mshahara. Tazama mnada baada ya ibada katika sharika nyingi za KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Kuku amefungwa miguu, mkungu wa ndizi uko chini, mayai yako kwenye sahani. Mama aliyeleta mayai hayo hana karatasi ya mshahara ya kupigia hesabu. Yai moja linanadiwa hadi bei ya kuku, mnunuzi analirudisha mezani, linanadiwa tena, na watu wanacheka. Sijui ni fungu la ngapi la mapato ya yule mama, na sidhani kama kuna anayejali.

Upande wa pili unaanzia hapo. Paulo anapowaandikia Wakorintho kuhusu changizo hataji asilimia. Anasema kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, "si kwa huzuni, wala si kwa lazima". Tena zaka ya Torati ilikuwa ya mazao na mifugo, na katika Kumbukumbu la Torati 14 ile ya mwaka wa tatu iliwekwa malangoni ili Mlawi (mhudumu wa hekalu), mgeni, yatima na mjane wale washibe. Siku hizi mjane naye anadaiwa. Wapo waumini wanaolalamika kwamba msiba ukitokea, kitu cha kwanza kuulizwa ni kadi ya zaka. Wapo pia wahubiri wanaomwambia mgonjwa apande mbegu ya pesa ndipo apone. Hapo sina cha kupima pande mbili: huo ni unyang'anyi uliovaa joho.

Hata hivyo, wengi wa hao "natoa moyo unavyonituma" moyo wao hautumi kitu. Paulo huyohuyo aliagiza kila mtu aweke akiba siku ya kwanza ya juma kwa kadiri ya kufanikiwa kwake. Huo ni mpango. Chenji iliyobaki baada ya nauli haimo.

Kinachonisumbua ni kwamba pande zote mbili zinamchunguza mtoaji tu. Malaki kabla hajafika kwenye agizo la kuleta zaka ghalani anawageukia wahudumu wa madhabahu: "Na sasa, enyi makuhani, amri hii yawahusu ninyi." Mstari huo siusikii ukisomwa wakati wa matoleo. Nehemia 13 ndiyo haisomwi kabisa. Kuhani Eliashibu alikuwa amempa Tobia, mkubwa mwenye ushawishi na mpinzani wa kazi ya liwali Nehemia ya kujenga upya ukuta wa Yerusalemu, chumba kikubwa cha kuwekea zaka, ndani ya nyumba ya Mungu. Nehemia aliporudi Yerusalemu alitupa nje vyombo vyote vya Tobia na kuamuru vyumba vitakaswe. Ndipo akagundua kwamba Walawi hawakupewa posho zao na wamekimbilia mashambani. Aliwagombeza wakuu, si wakulima, na baada ya hapo Yuda wote wakaleta zaka.

Tobia wa siku zetu anakuja na msafara wa magari. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza fedha ambazo Rais William Ruto wa Kenya alikuwa ametoa katika kanisa Katoliki la Soweto, jijini humo, zirudishwe. Machi 2025 Rais huyohuyo alitangaza shilingi milioni 20 kwa kanisa la Jesus Winner Ministry, Roysambu, na vijana wakaandamana kupinga. Unaweza kubishana kama kurudisha fedha zile kulikuwa busara, maana kanisa lilihitaji majengo. Lakini muumini aliyeona kiongozi wake akikataa mamilioni ana sababu ya kumsikiliza anapofundishwa habari ya bahasha yake ndogo.

Kwa hiyo fungu la kumi nalikubali kama kipimo cha kuanzia kwa mwenye uwezo, na nalikataa kama tiketi ya kuzikwa. Anayelidai kwa jina la utii asome mapato na matumizi mbele ya usharika, hadi posho za viongozi. Nehemia hakuishia kwenye kujaza ghala. Mstari unaofuata, wa 13, anateua watunza hazina: Shelemia kuhani, Sadoki mwandishi na Pedaya wa Walawi, na Hanani wa kuwasaidia, kwa kuwa walihesabiwa kuwa waaminifu.