Nyara ya uwindaji na kibali cha pili

Ngozi ya chui ikishachunwa haipandi ndege siku hiyohiyo. Hupakwa chumvi tele upande wa nyama na kuanikwa kivulini. Fuvu nalo huchemshwa mpaka mabaki yote ya nyama yatoke. Kisha vyote hupigwa dawa ya wadudu na kufungwa kwenye kasha la mbao. Hata hapo safari haijaanza. Chui yumo katika Kiambatisho cha Kwanza, orodha ya wanaolindwa zaidi, cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini ulioanza kutumika 1975, hivyo vinatakiwa vibali viwili: cha nchi anakotoka na cha nchi anakopelekwa.

Ugomvi wote kuhusu nyara, yaani sehemu za mnyama ambazo mwindaji huhifadhi kama kumbukumbu, uko kwenye hicho cha pili: kitolewe au kizuiwe? Wawindaji wengi hulipa maelfu ya dola ili pembe au ngozi ifike nyumbani kwao. Ukiwanyima kuingiza nyara, umefuta safari yenyewe bila kugusa sheria ya nchi yenye wanyama. Australia ilizuia nyara za simba Machi 2015. Julai simba maarufu aitwaye Cecil akauawa na mwindaji wa nyara Zimbabwe, na kabla ya mwaka kwisha Ufaransa nayo ikaacha kutoa vibali hivyo.

Wanaotaka marufuku wana hoja nzito. Dume la simba likiuawa, dume geni linalotwaa kundi huua watoto wa lile lililouawa, kwa hiyo risasi moja huondoa simba kadhaa. Tena wanakijiji wanaokesha wakifukuza tembo shambani mara nyingi huambulia kidogo, na hesabu za kampuni za uwindaji hawazioni. Hili la hesabu ndilo linaloniudhi zaidi.

Lakini wenye wanyama nao wasikilizwe. Botswana ilisimamisha uwindaji 2014, ikaurudisha 2019 baada ya malalamiko ya vijijini kuhusu tembo. Ujerumani ilipotaka kubana uingizaji wa nyara, Mokgweetsi Masisi, Rais wa Botswana wakati huo, alisema Aprili 2024 kwamba angewapelekea tembo 20,000 waishi nao. Nayo Kenya, iliyokataza uwindaji tangu 1977, imepoteza zaidi ya nusu ya wanyamapori wake, kwani mashamba, uzio, mifugo na ujangili viliendelea kama kawaida. Sisemi uwindaji ungewaokoa. Nasema kuukataza peke yake hakukutosha.

Kwa hiyo naegemea kibali kigumu kuliko mlango uliofungwa. Mwaka 2014 nafasi ya kumwinda kifaru mweusi mmoja wa Namibia ilipigwa mnada Marekani kwa dola 350,000, fedha za uhifadhi. Mwaka uliofuata Marekani ilikubali nyara iingie, baada ya kuridhika kwamba kuondolewa kwa dume huyo kungewafaa vifaru waliobaki. Swali hilo liulizwe kwa kila kasha: mnyama alikuwa na umri gani, fedha zilifika kijiji kipi, shilingi ngapi, nani alisaini kuzipokea? Majibu yasipokuwepo, kasha libaki forodhani.