Injini inapumua? Kagua valvu ya PCV kwanza

Gari likianza kula oili, fundi hufungua kifuniko cha oili injini ikiwa inawaka, anaona moshi unasukumwa nje, kisha anatoa hukumu: "Inapumua hii bosi, ringi zimeisha." Kinachofuata ni bei ya kushusha injini. Mimi naona ushahidi huo peke yake hautoshi, kwa sababu valvu ya PCV (inayorudisha gesi za chini ya injini zikachomwe upya) ikiziba, injini yenye ringi (pete za pistoni) nzima nayo hupumua vilevile.

Hakuna ringi inayoziba silinda kabisa. Kila mafuta yanapolipuka, gesi kidogo hupenya pembeni ya pistoni na kushuka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), ikiwa na petroli ambayo haijaungua na mvuke wa maji. Zamani gesi hiyo ilitolewa nje kwa bomba tu. Hewa ya Los Angeles ilipochafuka kupita kiasi, watengenezaji wa Marekani wakaanza kuirudisha kwenye manifoldi (njia ya kuingizia hewa kwenye silinda) ikachomwe upya: kwanza magari yaliyouzwa California mwaka 1961, kisha nchi nzima mwaka 1963. Anayechomoa mpira wa PCV na kuuelekeza chini ya gari anaturudisha huko, na vumbi linapata njia ya kuingia kwenye injini.

Valvu hiyo ni kitu kidogo chenye springi na kipini ndani. Usipokanyaga mafuta, manifoldi huvuta kwa nguvu, kwa hiyo valvu hubana njia. Ukikanyaga, mvuto hupungua nayo hufunguka zaidi. Ikiganda wazi, manifoldi hufyonza ukungu wa oili na kuuchoma, na sailensa (mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta) hupotea. Ikiziba, presha hujaa chini na kutafuta pa kutokea: sili za kranki zinavuja, gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini) inalowa, dipstiki inajisukuma juu. Gesi nyingine hurudi kupitia mpira wa pili unaokwenda kwenye njia ya hewa. Ukikuta oili kwenye kisafisha hewa, anzia hapo.

Ukaguzi wake hauhitaji mashine. Chomoa valvu, itikise. Nyingi zikiwa nzima hulia "tiki tiki". Irudishe, washa gari, fungua kifuniko cha oili na uweke karatasi juu ya tundu. Karatasi inapaswa kunata kidogo, siyo kurushwa. Kagua na mpira wake, maana hukauka ukapasuka. Kuna injini ambazo valvu imejengwa ndani ya tapeti kava, na huko utanunua kava zima (ubunifu ambao sijawahi kuupenda).

Kwa nini hatua hii inarukwa? Nadhani ni kwa sababu valvu haimletei fundi hela. Na sisi wenye magari tunachangia: oili tunaipitisha muda wake mpaka inageuka tope, tope linaziba valvu, kisha tunamwaga oili nzito "ili isiliwe". Oili nzito inaweza kupunguza dalili, lakini njia iliyoziba haifungui.

Sisemi PCV ndiyo jibu la kila gari. Injini za Toyota za 1ZZ-FE za mwanzo, zile za Allion na Wish za 1.8, zilikuwa na pistoni zenye matundu madogo ya kurudishia oili, yanayoziba kwa masizi. Kwa baadhi ya injini za 2AZ-FE, Toyota yenyewe nchini Marekani ilikubali kubadilisha pistoni na ringi kwenye magari yaliyopimwa yakaonekana yanakula takriban lita 1 kila kilomita 2,000. Na usidanganyike na kipimo cha kompresheni (mbano wa hewa kwenye silinda): kinaweza kutoka kizuri huku ringi ya oili imeganda, kwa kuwa kazi ya ringi hiyo ni kukwangua oili, si kushika kompresheni.

Kwa hiyo badilisha valvu na mpira, mwaga oili, weka ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari, kisha pima dipstiki kila wiki gari likiwa limepoa na limesimama sehemu tambarare. Ikiendelea kushuka vilevile, injini ifunguliwe, na kwa injini kama hizo pistoni za muundo mpya zinunuliwe pamoja na ringi. Ringi mpya kwenye pistoni zile zile zenye matundu madogo zitaganda tena.