Je, Ni Ua Lililoipa Mimea Yenye Maua Wingi Wake?

Katika kila spishi kumi za mimea ya nchi kavu zinazojulikana, takriban tisa hutoa maua. Hizo ni spishi zipatazo 300,000, ilhali misonobari, sikadi na mimea mingine ya mbegu isiyo na maua, ambayo ilitangulia kuwapo kwa mamilioni mengi ya miaka, imebaki na spishi elfu moja na ushei. Tarehe 22 Julai 1879 Charles Darwin alimwandikia rafiki yake, mtaalamu wa mimea Joseph Hooker, kwamba kustawi kwa haraka kwa mimea ya juu, yaani hasa yenye maua, kama visukuku vinavyoonyesha, ni fumbo la kuchukiza. Nadharia yake ya mageuko ya viumbe ilitaka mabadiliko ya polepole, na hapa palionekana mruko.

Jibu lililopata nguvu mapema ni la Gaston de Saporta, mtaalamu wa visukuku wa Ufaransa, aliyemweleza Darwin kuwa maua na wadudu waliinuana, kila upande ukiusukuma mwenzake ubadilike. Hoja hii inastahili heshima kwa sababu utendaji wake unaonekana kwa macho. Okidi ya Madagaska iitwayo Angraecum sesquipedale ina ua jeupe lenye mrija mwembamba unaoning'inia nyuma yake, urefu wake ukikaribia sentimita 30, na mbochi hukaa chini kabisa ndani ya mrija huo. Mwaka 1862 Darwin alibashiri kuwa lazima awepo nondo mwenye ulimi wa kuifikia mbochi hiyo, na mwaka 1903 nondo wa namna hiyo alielezwa kitaalamu. Sasa tuchukulie kwamba katika sehemu moja ya mimea hiyo mrija unarefuka au kufupika: mdudu anayeitembelea hubadilika, chavua haifiki tena upande wa pili, na makundi mawili yaliyokuwa yakichanganya jeni huanza kushika kila moja njia yake, hata kama hakuna mto wala mlima unaoyatenganisha. Kwa kuwa takriban asilimia 87 ya spishi zenye maua huchavushwa na wanyama, na okidi peke yake zina spishi zipatazo 28,000, ni rahisi kuona kwa nini wengi waliridhika na maelezo hayo.

Hata hivyo, yana matundu. Nyasi kwa kawaida huchavushwa na upepo na hazina petali za kumvutia mdudu yeyote, lakini spishi zake zinazidi 11,000 na zimetanda katika mabara yote. Tena, katika miamba ya China ya kipindi cha Jurasiki (takriban miaka milioni 200 hadi 145 iliyopita) wamepatikana wadudu wenye mirija mirefu ya kufyonzea, ambao inaelekea walijilisha kwa majimaji ya mimea isiyo na maua. Ushirika wa mdudu na mmea, kwa hiyo, haukuanza na ua. Pingamizi ninaloliona zito kuliko yote ni kichaka kiitwacho Amborella trichopoda, kinachoota Kaledonia Mpya pekee, katika Bahari ya Pasifiki. Ukoo wake ndio uliojitenga wa kwanza na mimea mingine yote yenye maua iliyo hai leo. Kina maua, na kimepewa muda uleule waliopewa wengine, lakini leo ukoo mzima una spishi hiyo moja tu. Kama ua lingetosha kuzaa wingi, wingi huo ungeonekana pande zote mbili za mgawanyiko.

Ndiyo maana wapo watafiti wanaogeukia jani. Jani pana la mmea wenye maua likitazamwa dhidi ya mwanga huonyesha mishipa inayogawanyika tena na tena hadi ikawa wavu mwembamba mno. Kwa wastani kila milimita mraba ya jani hilo hubeba takriban milimita 8 za mishipa, ilhali kwa mimea mingine wastani hauzidi sana milimita 2. Maji mengi yakifika haraka, vinyweleo vya jani, yaani vitundu vyake vya kupitishia hewa, vinaweza kubaki wazi, hewa ya kaboni ikaingia, na usanisinuru ukaenda kasi. Uzazi nao ni mwepesi: msonobari huweza kuchukua mwaka mzima tangu chavua itue hadi utungisho ufanyike, jambo ambalo mimea mingi yenye maua hulimaliza kwa saa au siku chache, na akiba ya chakula cha mbegu huanza kuwekwa baada ya utungisho kufanikiwa.

Maelezo haya yanashawishi, lakini nadhani yanajibu swali jingine. Yanaonyesha kwa nini mimea yenye maua iliwashinda wapinzani wake katika kugombea mwanga na ardhi. Hayaonyeshi kwa nini washindi wakagawanyika katika spishi laki tatu. Mmea wenye nguvu unaweza kutawala bonde zima ukiwa spishi moja. Kutawala na kugawanyika ni mambo mawili, na mjadala huu umevurugika kwa kiasi kikubwa kwa sababu pande zote mbili huyapima kwa mizani moja.

Ushahidi wa nyakati unaunga mkono utenganishaji huo. Chavua ya kale zaidi isiyobishaniwa ina umri wa miaka milioni 135 hivi, huku makadirio mengi yanayotokana na DNA yakirudisha chimbuko la kundi hadi Jurasiki au hata Triasiki, kipindi kilichoitangulia. Kisukuku cha China kilichoitwa Nanjinganthus, kilichotangazwa mwaka 2018 kuwa ua la Jurasiki, bado kinapingwa. Wavu mzito wa mishipa ulienea baadaye, yapata miaka milioni 100 iliyopita, kwa hiyo maua yalikuwapo muda mrefu kabla ya majani hayo. Kisha mwaka 2024 timu iliyoongozwa na bustani ya Kew ya Uingereza ilichapisha mti wa ukoo uliojengwa kwa jeni 353 kutoka spishi zipatazo 9,500. Mti huo unaonyesha mfumuko wa mapema uliozaa zaidi ya asilimia 80 ya oda za leo, yaani makundi makubwa yanayokusanya familia za mimea, kipindi kirefu cha mwendo wa wastani, na mfumuko wa pili takriban miaka milioni 40 iliyopita, dunia ilipokuwa ikipoa. Wimbi hilo la pili ni gumu kulihusisha na kuzuka kwa ua au kwa jani, kwa kuwa vyote viwili vilikwisha kuwapo zamani.