Baiti za faili zisomwe moja moja

Juzi nilisoma somo la lugha ya C lililoandikiwa vijana wanaoanza, nikakuta kichwa cha picha ya BMP (baiti za mwanzo zinazolieleza faili) kinasomwa kwa mstari mmoja: unatangaza strakti, yaani kundi la namba zinazokaa pamoja kwenye kumbukumbu, unaipa fread, ambayo ni kazi ya kusoma faili, anwani yake pamoja na sizeof, yaani ukubwa wake kwa baiti, kisha unaendelea kana kwamba kila kitu kimeshakaa mahali pake. Somo hilo limeniudhi, kwa sababu mwanafunzi atakayelifuata atapata namba za uongo bila onyo lolote.

Ndani ya faili, kichwa hicho kina baiti 14: 2 za alama ya BM, 4 za ukubwa wa faili, 4 za akiba, na 4 zinazoeleza pikseli zinaanzia wapi. Lakini kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, kwa kawaida huiweka namba ya baiti 4 kwenye anwani inayogawanyika kwa 4, hivyo huacha pengo la baiti 2 baada ya alama, na strakti inakuwa na baiti 16. Fread hailijui pengo hilo. Inamimina baiti 16 mfululizo, hivyo baiti 2 za kwanza za ukubwa zinaangukia kwenye pengo na kila kinachofuata kinakaa pasipo pake. Picha ya kawaida ambayo pikseli zake huanzia baiti ya 54 itasomeka kuwa zinaanzia 2,621,440, na faili lisilofika baiti 65,536 litasomeka kuwa na ukubwa wa sifuri, huku fread ikiripoti kwamba usomaji umefaulu.

Nitaambiwa kuwa dawa ni #pragma pack, agizo la kuiambia kompaila isiache mapengo. Nakubali kwamba kompaila kubwa zinaielewa na kwamba pengo litaondoka, lakini haimo katika kiwango rasmi cha lugha ya C, wala haigusi mpangilio wa baiti. Ndani ya namba moja, BMP hutanguliza baiti yenye uzito mdogo, ilhali PNG, aina nyingine ya faili la picha, hutanguliza yenye uzito mkubwa. Upana wa 256 ulioandikwa ndani ya PNG, ukimiminwa hivyo kwenye prosesa ya Intel, ambayo hutanguliza yenye uzito mdogo, unakuwa 65,536.

Njia ninayoitetea ni kusoma baiti 14 kwenye safu ya unsigned char (baiti tupu zisizo na hasi), kisha kuijenga kila namba ya baiti 4 ya BMP waziwazi kwa uint32_t (namba ya biti 32 isiyo na hasi): baiti ya kwanza kama ilivyo, ya pili ikisogezwa kushoto biti 8, ya tatu 16, ya nne 24, halafu zote zikaunganishwa. Jibu ni lilelile kwenye prosesa yoyote, na anayesoma msimbo anauona muundo wa faili bila kukisia kompaila imeamua nini. Hoja ya kasi haina uzito hapa, kwani kompaila za GCC na Clang huutambua mtindo huu na mara nyingi huugeuza kuwa agizo moja.

Hata wa Python hawajanusurika: katika moduli ya struct, inayogeuza baiti kuwa namba kwa kufuata herufi (H ni baiti 2, I ni baiti 4, na alama ya mwanzo huzuia mapengo), '<HIHHI' ni baiti 14, ilhali ukiondoa alama ya < inakuwa 16 kwenye kompyuta zetu za kawaida.

Namwomba mwandishi wa somo lile alirekebishe, na akifika kwenye urefu wa picha aeleze pia kwamba katika BMP unaweza kuwa hasi, ikimaanisha mistari imepangwa kuanzia juu.